Maswali Matatu ya Getini

Mimi si mtu wa kukaa. Tangu nianze kuandika haya nimeshainuka mara tatu: mara kuangalia sufuria, mara kuhakikisha mlango umefungwa, mara bila sababu yoyote. Binti yangu husema nikikaa kwenye kiti hukaa nusu. Ni kweli. Nusu nyingine huwa imeshaondoka zamani kwenda kutafuta kosa la mtu mahali.

Kwa miaka mingi kosa hilo nililitafuta kwenye geti la shule. Nafundisha sekondari ya kutwa hapa mjini Busia, karibu na Burumba ninakoishi, na pamoja na somo la Bayolojia nimepewa kazi ya ushauri. Kazi yenyewe ni kuwaandaa watoto wa kidato cha nne kwa vyuo, kuwaeleza kozi, na zaidi ya yote kuwaleta wazazi wao shuleni tukae tuzungumze. Hiyo ya mwisho ndiyo ilinitoa jasho. Wazazi wetu wako mbioni tangu alfajiri. Huyu amevuka mpaka kununua ndizi, yule analeta lori kutoka Mombasa, mwingine ni ajenti wa forodha na simu yake haimpi nafasi ya kumeza mate. Ukiitisha mkutano Ijumaa wanakuja wachache, na kati ya hao wachache, baadhi si wazazi.

Hapa mpakani kila kitu kina mtu wa kukufanyia. Dereva analala ndani ya gari, ajenti anampitishia karatasi. Mama anauza vitambaa kwenye kibanda chake, mtu mwingine anamvushia marobota kidogo kidogo kwa baiskeli. Watoto wetu wamefungua macho wakaona dunia inakwenda hivyo. Shule ikiwaambia hakuna kurudi darasani bila mzazi, hawasumbuki sana. Wanaenda barabarani, wanachagua mwanamume mwenye kitambi cha heshima au mama mwenye leso safi, wanaelewana, na siku ya mkutano mtoto anaingia na mzazi wake kama wenzake. Hao ndio tuliowaita wazazi wa kukodi.

Mimi nilikuwa bingwa wa kuwanasa. Nilikuwa naweka meza yangu getini, naweka daftari juu yake, na kila mzazi aliyefika nilimuuliza maswali matatu. Rafiki wa karibu wa mtoto wako ni nani? Somo gani linamsumbua? Na la tatu, nililolitunga mwenyewe na kulionea fahari: mtoto wako anaogopa nini? Swali la kwanza walikuwa wamefundishwa jibu. La pili wote walisema hesabu. La tatu ndilo lililowamaliza. Wengi walisema, "Anaogopa Mungu, mwalimu." Dereva mmoja kutoka Pwani aliniambia kwa Kiswahili cha kupendeza kwamba binti yake ameogopa mawimbi tangu utotoni. Binti mwenyewe, mtoto wa Kiteso ambaye bahari aliijua kwa ramani tu, alijifunika uso kwa sweta akacheka mpaka akakaa chini.

Sikuwa nacheka. Nilikuwa nawafukuza wote wawili, mkodi na mkodiwa, na mtoto alikwenda nyumbani wiki mbili. Nilikuwa nimesadiki kwamba mzazi asiyefika shuleni hampendi mtoto wake vya kutosha. Nililisema hilo waziwazi, mikutanoni, mbele ya wale wachache waliofika, yaani mbele ya watu ambao hawakustahili kuambiwa.

Muhula wa pili wa mwaka ninaouzungumzia, mmoja wa wasichana wangu wakali zaidi kimasomo wa kidato cha nne alikuja na mwanamume wa shati jeupe lililopigwa pasi. Maswali mawili aliyajibu bila kukwama. Nikamuuliza la tatu. Akanitazama, akamtazama yule msichana, akasema, "Huyu anaogopa wewe, mwalimu."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Damu ilinipanda kichwani. Kitambulisho chake kilipoonyesha kwamba hana undugu wowote na yule mtoto, nilifurahi, na furaha hiyo naikumbuka kwa aibu. Nilimrudisha msichana nyumbani wiki mbili na kumwambia arudi na baba yake mzazi, si mwingine. Mtihani wa majaribio ulifanyika akiwa nyumbani.

Wiki mbili ziliisha, hakurudi. Siku mbili zaidi, hakurudi. Mwalimu mwenzangu wa Kemia, ambaye alikuwa amemtegemea msichana huyo kumwinulia wastani wa darasa, aliniambia tukiwa tunakunywa uji, "Umemnasa mpaka umempoteza." Alikuwa anatania, lakini uji ulinishinda. Niliuliza nikaambiwa baba yake anaendesha trela, na trela iko kwenye foleni Malaba. Ijumaa nikaomba ruhusa, nikachukua gari kwenda huko.

Ijumaa hiyo binti yangu mwenyewe alikuwa na siku ya wazazi.

Ngoja niliseme lilivyo. Nina mtoto mmoja. Baba yake alihamia Eldoret na maisha mengine mtoto alipokuwa darasa la tatu, na tangu hapo tumekuwa wawili. Mwaka huo alikuwa kidato cha nne kwenye shule ya bweni upande wa Malaba. Nilimpeleka mimi siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, na sanduku lake, na baada ya hapo sikuwahi kurudi. Mikutano yao ilikuwa Ijumaa kama yetu. Kila muhula alikuwa akiniuliza kama nitakuja, nami nikimwambia muhula ujao, mwambie mwalimu wako mama yuko kazini. Shule haikuwahi kunipigia simu. Nilichukulia kwamba ukimya ni habari njema. Na muhula huo, nikakumbuka baadaye, hakuwa ameniuliza.

Tulipopita njia panda ya kwenda shuleni kwake niliona wazazi wakishuka na vikapu. Nilijiambia nikimaliza mapema nitapitia. Kisha nikaangalia saa, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia yule dereva.

Nilitembea kando ya magari muda mrefu, maana foleni ilikuwa imerudi nyuma mpaka unashangaa mwanzo wake uko wapi. Malori yamezimwa, matanboi, vijana wasaidizi wa madereva, wamelala kwenye vivuli, wachuuzi wanapita na maji na karanga. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka chini ya trela lake, ananyoa ndevu akijitazama kwenye kioo kidogo.

"Mzee, wewe ndiye baba ya yule msichana wangu wa kidato cha nne?"

"Ndio, mwalimu. Karibu. Kiti ndio hakuna."

Alikuwa amenijua bila kuambiwa. Niliuliza kwa nini alimtuma mtu shuleni badala ya kuja mwenyewe.

"Wiki ile nilikuwa nimekwama hapa hivi hivi. Nikitoka, magari ikisonga, nimepoteza laini yangu," alisema. "Na yule si mtu wa barabara tu. Tumeendesha na yeye miaka mingi. Nilimwambia mambo yote ya mtoto. Kwani hakujibu vizuri?"

"Mzazi hatumwi, mzee."

Alifuta povu shavuni. "Mwalimu, hii gari yenyewe inapitishwa na mtu sijawahi kuona sura yake. Mimi nilidhani mtu akiwa amekwama, anatuma mtu anaamini."

Nilimpa hotuba. Nilisimama pale juani nikamweleza maana ya mzazi, maana ya chuo, maana ya mtoto kumwona baba yake amekaa kwenye benchi la shule. Nilimwambia lori litapita, leo au kesho, lakini mtoto akipita hivi hivi hatarudi. Matanboi waliamka kusikiliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kioo mkononi, kisha akasema, "Pole, mwalimu. Umetembea. Enda pale kwa yule mama ukunywe chai kwanza, nikimaliza nakuja tuongee."

Kibanda cha yule mama kilikuwa cha mabati, benchi mbili, jiko la mkaa na birika kubwa jeusi. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, na chini ya aproni yake alikuwa amevaa gauni la kanisani. Nilishangaa, maana ilikuwa Ijumaa. Alikuwa amemsikia dereva akiniita mwalimu, akanitengea kikombe kisichokuwa na ufa.

"Walimu leo mmenisumbua," alisema.

"Tumekusumbua vipi, mama?"

"Nimetoka shule ya mtoto sasa hivi. Wamenipatia karatasi ya kozi ya chuo, wanataka nirudi nayo Jumatatu iko na sahihi. Na mimi siweki sahihi kwa kitu sijaelewa. Wengine walikuwa wanaweka tu hapo hapo, wanaenda. Mimi nimekataa."

Nilimpenda papo hapo. Nilifikiri, huyu ndiye mzazi niliyekuwa nikimtafuta miaka yote, na tazama yuko wapi, nyuma ya birika. Nilianza hata kupanga jinsi nitakavyomtaja kwenye mkutano wetu ujao ili wengine waone haya. Nikamwambia alete karatasi nimweleze.

Alifuta mikono, akaitoa kwenye mfuko wa plastiki aliokuwa ameuweka mbali na moshi, akanikunjulia mezani. Nilianza kusoma juu, penye jina la mwanafunzi. Lilikuwa jina nililolichagua mimi.

Nilisoma tena. Mwandiko ulikuwa wa binti yangu, ule unaolalia kushoto ambao nilimgombeza nao tangu darasa la pili. Penye nambari ya simu ya mzazi palikuwa na nambari nisiyoijua. Chini yake palikuwa na kozi nne, kwa mpangilio. Ya kwanza, uuguzi. Ya pili, ualimu. Ya tatu, lishe. Ya nne, chini kabisa, uhandisi wa maji.

"Hapa ndio sielewi," yule mama alisema, na kidole chake kikatua kwenye kozi ya kwanza. "Ameweka unesi juu. Huyu mtoto akiona damu anaanguka. Siku moja alikuwa hapa, anangoja gari ya kwenda kwao, tanboi akajikata na chupa. Mtoto akaenda chini kama gunia. Nikamwagia yeye maji badala ya yule amekatika. Sasa huyu atakuwa nesi ya nani?"

Nilichukua chai nikainywa ikiwa moto, ikaniunguza ulimi.

"Pengine ni wewe ulimshauri," nilisema, kwa sababu ilinibidi kusema kitu.

"Mimi? Mimi namwambia afuate maji. Kama humjui, mpeleke kwa kisima, utachoka. Hii maji inatoka wapi, mbona ya hapa iko na chumvi na ya kule hapana, nani alipima kabla ya kuchimba. Anauliza mpaka wenye mikokoteni wanamkimbia."

"Ni mtoto wako wa kuzaa?"

Alinitazama kidogo kabla ya kujibu. "Ni mtoto wangu. Wa kuzaa ako na mwenyewe. Alikuja hapa akiwa form two, analia, shule imemfukuza alete mzazi. Akaniuliza kama naweza simama na yeye. Nilimwambia sitaki kitu yako, wewe uniletee tu ile ripoti niione. Mimi niliacha shule darasa la sita, sijawahi kuona ripoti ya form two." Akamimina chai kwenye kikombe cha mtu mwingine. "Mama yake ni mwalimu, ameniambia. Anasaidia watoto ya watu. Mtu kama huyo huwezi laumu. Unamsaidia tu na wake."

Ningeweza kumwambia mimi ni nani. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, benchi lilikuwa tupu. Badala yake nilimweleza fomu kwa sauti ya darasani: kwamba shule ingeifuata fomu hiyo matokeo yakitoka, kwamba kozi iliyo juu ndiyo ingejaribiwa kwanza, na iliyo chini huenda isifikiwe kabisa. Alinisikiliza kwa makini kuliko mzazi yeyote niliyewahi kumhutubia.

"Basi unesi isikae juu," alisema.

"Mtoto mwenyewe alisemaje?"

"Alisema ndio mama yake anataka."

Niliinuka. Niliacha chai nusu. Nilirudi kwa yule dereva, nikamkuta anavaa shati ili anifuate kibandani, nikamwambia binti yake arudi darasani Jumatatu.

"Nije na yeye lini?"

"Arudi tu, mzee. Peke yake."

"Kwani nini imebadilika, mwalimu?"

Nilimwambia jua ni kali, nikaondoka. Kwenye njia panda ya shule sikumwambia dereva wa gari asimame. Nilikuwa na hasira mno, na sikutaka binti yangu aione mbele ya wenzake.

Hasira ilinibeba mpaka Jumapili. Hasira ni rahisi kuliko aibu, ina mambo ya kufanya. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilihamisha kabati. Nilimtukana yule mama kimyakimya kwa kuniibia mtoto, kisha nikamtukana mtoto kwa kunifanya mjinga, mimi ninayewanasa wengine. Niliwazia jinsi nitakavyofika Jumatatu kabla ya yule mama, niweke kitambulisho changu mezani na kusema, mama yake ni mimi. Niliisema sentensi hiyo nikifagia, nikipika, nikiwa kanisani wakati wa maombi.

Jumapili jioni nilijiuliza maswali yangu matatu. Sikuyapanga, yalikuja yenyewe nikiwa nachambua mchele. Rafiki yake wa karibu? Nilitaja msichana mmoja, kisha nikakumbuka alihama shule wakiwa kidato cha pili. Somo linalomsumbua? Hesabu, nilijibu, kama wale wote. Anaogopa nini? Nikakumbuka kwamba tangu utoto wake, kila nilipotaka kuchinja kuku, binti yangu alikuwa wa kwanza kunyakua ndoo na kwenda kuteka maji. Nilikuwa nikimsifu mbele ya majirani kwa bidii yake. Mwalimu wa Bayolojia, kinyozi asiyejinyoa, nilikaa na sinia la mchele mapajani na sikuchambua tena.

Hata hivyo Jumatatu nilikwenda. Ningetaka kusema nilikwenda nimenyenyekea, lakini hasira ilikuwa bado ipo, imechanganyika tu na mengine.

Getini palikuwa na askari, daftari, na naibu wa mwalimu mkuu, mwanamume kijana ambaye hakuwepo nilipomleta mtoto kidato cha kwanza. Nilitaja jina la binti yangu.

"Kidato cha nne gani, mama?"

"Magharibi," nilisema.

Alishuka na kidole kwenye orodha. "Magharibi hayuko. Yuko Mashariki tangu form three." Akachukua kitambulisho changu. Binti yangu anatumia jina la baba yake, na mimi nilirudia la baba yangu. "Majina hayafanani. Namba yako ya simu?"

Niliitaja. Alitikisa kichwa, akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili, kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Mama, sikuvunjii heshima. Huyu msichana mama yake tunamjua, hajawahi kukosa mkutano. Sisi hapa wazazi wa kukodi hatutaki. Tukijua mtoto ametuma mtu, anaenda nyumbani wiki mbili, na mtihani ni huo unakuja." Akamgeukia askari. "Hebu aitwe huyo msichana aje aseme huyu ni nani."

Yalikuwa maneno yangu. Hata wiki mbili zilikuwa zangu. Mkuki kwa nguruwe, na sasa nilijua unavyoingia.

Yule mama wa chai alifika kabla ya binti yangu, gauni lile lile la kanisani, mfuko wa plastiki mkononi. Aliniona akasimama. Hakuonekana kushangaa. Kisha binti yangu akatokea kwenye kona ya darasa, anatembea haraka, na alipotuona wawili tumesimama pamoja alisita. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimemwona mwezi mmoja nyuma, sikuwa nimeliona hilo.

Hakumtazama naibu, ambaye ndiye angemfukuza. Alinitazama mimi. Nilijua kwamba mwanamume wa shati jeupe hakuwa amedanganya kwenye swali la tatu, na kwamba jibu lake lilikuwa linafaa zaidi ya mtoto mmoja.

"Huyu unamjua?" naibu alimuuliza.

Alifungua mdomo. Niliona anakusanya nguvu za kusema ukweli, na ukweli huo ungempeleka nyumbani wiki mbili, kama nilivyomrudisha mtoto wa mwenzangu. Nikamtangulia.

"Mimi ni shangazi yake," nilisema. "Nilikuja kumsindikiza mama."

Naibu akamgeukia yule mama. Yeye hakupepesa hata jicho. "Ni wifi yangu," alisema. "Mnisamehe, yeye hajui kungoja mtu."

Tuliingizwa ofisini, sisi watatu na naibu. Fomu ilikunjuliwa mezani. Naibu akamuuliza yule mama kama ameridhika.

"Bado. Wifi yangu ni mwalimu, aseme kwanza."

"Shangazi anaweza kushauri," naibu alisema, "lakini uamuzi ni wa mzazi."

Nilikuwa na hotuba ya miaka minne kuhusu uuguzi. Kazi haikosekani, hospitali ziko pande zote mbili za mpaka, mshahara unaingia. Niliikuta yote iko tayari kooni. Nilimgeukia binti yangu, nikamuuliza swali ambalo huwauliza watoto wa watu kila siku, kwa urahisi kabisa.

"Wewe unataka kusoma nini?"

Alitazama kalamu. "Uhandisi wa maji."

"Basi yaandikwe maji juu."

"Na uuguzi?" naibu aliuliza. "Tuushushe namba mbili?"

"Uondoke kabisa," nilisema. "Akiona damu huanguka."

Binti yangu aliinua kichwa ghafla. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alinitazama bila kujikunyata, na mimi ndiye niliyeangalia chini.

Yule mama alitia sahihi penye mzazi. Aliandika polepole, herufi moja moja, ulimi umebana kwenye kona ya mdomo, na hakuna sahihi niliyowahi kuiona ikitiwa kwa heshima kama ile. Chini palikuwa na nafasi ya jamaa mwingine aliyehudhuria. Naibu alinisogezea fomu. Niliandika jina langu, na penye uhusiano na mwanafunzi, kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika shangazi.

Nje, yule mama alisema anakimbilia birika lake. Nilimshika mkono nikitafuta neno la kumwambia.

"Nilijua siku ile ile," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu hawezi kuwacha chai yangu nusu." Akaenda zake.

Binti yangu alinisindikiza. Tulitembea mpaka karibu na geti, mimi nikitembea haraka kama kawaida, kisha nikakumbuka nikapunguza. Askari alikuwa ameketi hapo hapo.

"Kutakuwa na maombi ya candidates kabla ya mtihani," binti yangu alisema. "Wazazi wanakuja. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Kama nani?"

Nilitaka kusema neno moja tu. Askari alikuwa ametega sikio, na mtihani ulikuwa bado mbele.

"Kama shangazi," nilisema.

"Sawa. Lakini ufike mapema. Mama hufika wa kwanza."

Siku ya maombi niliamka jogoo hawajawika, nikatoka Burumba bila kunywa chai. Nilifika wa pili.